Nilitibiwa kwa Jina la Moza

Kwa wewe uliyechelewa kuungana nami: naitwa Agnesi Ndunguru, mtu wa Mbinga, mpika chakula wa Kariakoo. Lakini kwenye faili moja la hospitali ya binafsi kule Upanga mimi ni Moza Shukuru, Muislamu, mke wa Abdulrazak, mwenye bima.

Nimeshawasimulia jinsi damu ilivyoanza kunitoka isivyo kawaida, nikaiita uchovu, halafu nikaiita umri. Nimewasimulia kile kipimo cha bure nilichokikimbia zikiwa zimebaki roho nne mbele yangu kwenye foleni, kwa sababu saa sita ilikuwa inakaribia na wateja wangu hawawezi kushinda njaa kwa ajili ya kizazi cha mtu. Na mkaniona nikivaa buibui la Moza, jirani yangu wa mlango kwa mlango pale Ilala, na kadi yake mkononi. Mtaani wanatuita mapacha siku nyingi. Yule wa mapokezi alitazama picha, akanitazama mimi, akagonga muhuri.

Walinikata kinyama wakakipeleka maabara. Tukabaki kusubiri majibu.

Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama sikuogopa. Nisiwadanganye. Mtu akivuja damu miezi saba, hata woga humwishia. Nilikuwa nakwenda sokoni, napika, nasambaza, narudi, nalala. Sikuwa nahisi kitu.

Jumanne ile nilipanda ngazi za ghorofa moja Mtaa wa Narung'ombe na hotipoti zangu mbili. Ghorofa ya tatu kuna stoo ya vitenge, na mtunza stoo ndiye Abdulrazak, mume wa Moza. Kila siku anakula kwangu. Siku hiyo nilimkuta amekaa juu ya robota, simu mkononi, viatu amevua.

"Shemeji, leo sili."

"Ni samaki wa nazi na maharage."

"Shusha hizo hotipoti ukae kwanza."

Nikakaa.

"Jana walinipigia simu kutoka hospitali," akasema.

Hapa nieleze kosa letu. Kadi ya bima inatokana na kazi ya Abdulrazak, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye faili ni yake. Ujumbe wa hospitali ukiingia, Moza alikuwa anaufuta mumewe akiwa anaoga. Tulijiona wajanja kweli. Hatukukumbuka kwamba hospitali inaweza pia kupiga.

"Shemeji, Moza anaenda hospitali, mimi mumewe sijui. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua." Hilo halikuwa uongo.

"Sasa kwa nini anifiche?"

"Mambo ya kike, shemeji. Tunaona haya."

Akatikisa kichwa. 

"Wamekuta saratani. Kwenye shingo ya kizazi."

Nilikuwa nimeshika upawa. Nikafungua hotipoti, nikampakulia wali, nikamwagia maharage, nikamuwekea samaki kipande cha katikati anachokipenda. Halafu nikamuuliza kama nimtilie pilipili.

"Unanisikia lakini?"

"Nakusikia. Imefika wapi?"

"Daktari anasema bado ni changa, iko palepale. Wakikitoa kizazi sasa hivi, anapona kabisa. Wakichelewa..." Akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Hivyo ndivyo nilivyopata majibu yangu. Nimekaa juu ya robota la vitenge, mume wa mtu ananieleza ugonjwa wangu huku analia, na mimi ndiye ninayembembeleza. Nilimwambia pole. Nikamwambia Mungu mkubwa. Nilikuwa naongea kama mtu aliyekuja kuhani msiba wa jirani.

"Nimeshasaini," akasema. "Fomu yao inataka na saini ya mume. Yeye ataweka yake Alhamisi asubuhi, na upasuaji ni siku hiyohiyo. Bima imekubali kila kitu. Ila kumwambia, shemeji, mimi siwezi. Miaka tisa tunatafuta mtoto. Naanzaje kumwambia mwanamke kama yule habari ya kutolewa kizazi?"

"Hata mimi sijui unaanzaje."

"Wewe ndiye dada yake hapa mjini. Mwambie wewe."

"Nitamwambia."

Nikamwachia sahani yake, nikaendelea na mzunguko wangu. Watu kumi na mmoja walikuwa wananisubiri na wote walikula. Yule wa duka la zipu alilalamika kwamba samaki ni mdogo, nikamwongezea mchuzi.

Nilipofika Ilala nilimkuta Moza uwani anaanika nguo. Aliponiona akaacha shuka kwenye beseni, akanivuta mkono mpaka chumbani kwake, akafunga mlango.

"Mama Vicky, nina neno."

Vicky ni binti yangu, yuko kwa bibi yake Mbinga. Nikamwambia, "Na mimi nina neno."

"Anza wewe."

"Hapana. Wewe unacheka, anza wewe."

Akainua godoro, akatoa kijiti cha kupimia mimba. Mistari miwili. Akatoa cha pili. Mistari miwili. Cha tatu alikuwa amekifunga kwenye kitambaa cheupe kama mtu anayetunza jino la mtoto.

"Abdul simwambii mpaka nivuke mwezi wa tatu," akanong'ona. "Zile mimba mbili zilitoka kabla ya hapo. Safari hii nakaa kimya mpaka tumbo lenyewe liseme. Wewe tu ndiye unayejua."

Nikamwambia hongera, mdogo wangu. Nikamkumbatia. Kisha, kwa kuwa sikuwa na namna nzuri ya kulisema, nikalisema hivihivi.

"Hospitali wamempigia mumeo. Nina saratani. Yeye anajua ni wewe, na amesaini utolewe kizazi keshokutwa."

Moza akacheka. Alicheka kweli, mkono mdomoni, kama mtu aliyesikia kituko cha harusini. Halafu kicheko kikakatika, akakaa kitandani.

"Amesaini nitolewe kizazi?"

"Kwenye faili, ndiyo."

"Na wewe? Utapona?"

"Wakikitoa sasa, wanasema napona."

Nje mtoto wa mpangaji mmoja alikuwa analilia andazi.

"Basi tumwambie Abdul ukweli," nikasema. "Nimebeba jina lako vya kutosha. Una mimba. Ukienda kliniki kwa kadi hiyohiyo watafungua faili, watakuta una saratani."

Alifikiri kidogo, akakataa.

"Abdul unamjua. Mwaka juzi waliletewa robota moja zaidi kwa makosa, akalirudisha mwenyewe kwa mkokoteni, jua la saa saba, Kariakoo nzima inamcheka. Ukimwambia leo kwamba kadi yake imetumiwa na mtu mwingine, kesho asubuhi yuko mlangoni kwa bosi wake anatubu. Bosi atawapigia bima. Alhamisi utalala wapi?"

"Nitafuata njia ya watu wote. Naomba msamaha wa matibabu, ustawi wa jamii."

"Ile barua ya serikali ya mtaa umeipata?"

"Mjumbe anasema hanijui vizuri, mimi ni mpangaji tu, nimlete mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba?"

"Yuko Tanga, anauguza."

"Ona sasa," Moza akasema. "Mama Vicky, nikuulize. Zile mimba zangu zilipotoka, nani alinifulia matambara? Mama mkwe alikaa barazani anauliza kosa ni la nani. Wewe ulishika damu yangu kwa mikono yako hii, hukuvaa hata glavu. Leo nikuache ufe kwa sababu ya faili?"

Ningekuwa na machozi ningelia, lakini hayakuja.

Akanipangia mambo kama anayepanga safari ya sokoni. Alhamisi ataenda na mumewe. Kadi wataikagua, sura ni yake, hakuna wa kuuliza. Wanaume wanaishia mlango wa wodi. Ndani kuna chumba cha kubadilishia nguo, na mimi nitakuwa nimeshaingia. Mimi navaa gauni la hospitali, yeye anavaa nguo zangu na kujificha chooni.

"Ukishatoka kupasuliwa," akasema, "namwambia Abdul kila kitu, na la mtoto pia. Akiniacha, aniache. Kizazi chako hawawezi kukurudishia."

Na hapo mimi ndiye niliyecheka.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tulikuwa tumekwenda mbele zaidi ya wahenga, maana maradhi tuliyatangaza, tukamficha mgonjwa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumatano nilipika kama kawaida, nikawaambia wateja wangu kwamba naenda Mbinga kumwona mwanangu.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa getini Upanga. Nilibeba hotipoti. Kama kuna jambo moja Kariakoo imenifundisha, ni kwamba mlinzi hamzuii mtu mwenye hotipoti. Akanusa, akauliza kuna nini humo, nikamwambia uji wa mgonjwa, akanipisha.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda sita vilivyotengwa kwa mapazia ya kijani. Nikaingia chumba cha kubadilishia, nikakaa kwenye benchi kama ndugu wa mtu.

Moza akachelewa.

Alipoingia uso wake ulikuwa umebadilika. Nikadhani Abdulrazak amegundua. "Yuko wapi?" nikauliza.

"Nje, anasoma dua. Vua nguo haraka."

"Mbona umechelewa?"

"Wamenipima presha. Wakanipima uzito. Halafu nesi mmoja anaitwa Severa akanipa kikopo cha mkojo, akanisindikiza mpaka mlango wa choo, akasimama hapohapo mpaka nikampa."

Tulitazamana. Mimi nilidhani wanatafuta sukari. Moza naye, ninavyomfahamu, alishawaza, ila hakutaka kunitia hofu.

Kumbe wanawake wote wanaokwenda kutolewa kizazi hupimwa kwanza kama wana mimba. Ni utaratibu wa kila siku. Lakini utaratibu wa hospitali sisi tungeujulia wapi, watu ambao hospitali tunaiingia tumeshabebwa?

Nikavaa gauni lao na kofia ya plastiki. Moza akavaa kitenge changu na blauzi yangu, akajifungia chooni. Nesi Severa akaja na faili, akaita, "Moza Shukuru!" Siku ya kipimo nilisahau kuitika jina hilo, safari hii sikusahau. Akanifunga utepe wa jina mkononi, akanilaza kitanda cha pili, akavuta pazia. Fomu nikaisaini jina la Moza, kwa mwandiko niliojifunza jana yake nyuma ya kalenda.

Nikalala naangalia dari. Nilijisemea, saa tano nitakuwa nimeshapona. Na sikufurahi, sikuhuzunika. Nilikuwa kama mzigo uliokwisha kubandikwa anwani.

Pazia likafunguliwa. Daktari, mwanamke wa makamo, beji yake imeandikwa Dk. Caroline. Hakuwa daktari aliyenikata kile kinyama. Alivuta kiti akakaa, na daktari akikaa ujue kuna jambo.

"Moza, una mimba. Ulikuwa unajua?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Kipimo cha mkojo kimeonyesha. Nitahakikisha kwa ultrasound, lakini nataka kwanza nijue msimamo wenu, maana ikithibitika lazima muamue. Tukifanya upasuaji leo, mimba inakwenda na kizazi. Tukisubiri uzae, ugonjwa hausubiri. Kuna njia za katikati, ila kwa hali yako siwezi kukuahidi kitu."

"Ultrasound ya nini, dokta?" nikauliza. "Si mfanye tu?"

"Siwezi kumpasua mama mwenye mimba bila kuangalia."

Nikafikiria mashine ile. Ingepita juu ya tumbo langu na isingekuta mtoto. Wangeuliza mtoto yuko wapi, halafu wangeuliza mkojo ule ni wa nani, na nesi Severa angesema niliusubiri mwenyewe mlangoni. Wangefungua milango yote mpaka ule wa choo.

"Mumeo nimeshamwambia," Dk. Caroline akasema. "Amepatwa na mshtuko. Nimemruhusu asogee mpaka hapa nyuma ya pazia mzungumze. Ndani haruhusiwi, kuna akina mama wengine."

"Dokta, hapana. Usimlete."

"Ameshakuja."

Nikaona miguu yake chini ya pazia. Alikuwa amevaa vile viatu vyake vya Ijumaa.

"Moza," Abdulrazak akasema.

Sikujibu. Kwa sauti, mapacha wa mtaani hawafanani.

"Usiseme kitu, mke wangu. Nisikilize tu. Daktari kaniambia yote." Akasogea karibu zaidi na pazia. "Mimi huyo mtoto namtaka. Mungu anajua ninavyomtaka. Lakini nakutaka wewe zaidi. Waambie waendelee. Usinifikirie mimi, wala mama, wala maneno ya watu. Wewe ishi tu. Unanisikia? Mimi nataka uishi."

Miezi saba nilikuwa nimeambiwa mengi. Niende kesho, nilete barua, nisubiri jina langu, ninywe maji ya ndimu. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba anataka niishi. Na aliyekuja kulisema hakuwa analisema kwangu.

Hapo ndipo ganzi iliponiachia. Nililia. Nililia bila kuzuia, kwa saratani yangu niliyokuwa sijaililia hata mara moja, na kwa yule mwanamume aliyekuwa anamtoa sadaka mtoto aliye hai, salama kabisa, hatua kumi kutoka aliposimama, tumboni kwa mkewe aliyejifungia chooni na kitenge changu.

"Usilie," akasema. "Nipe mkono basi. Nipe mkono wako nikushike."

Mkono wake ukapita kwenye upenyo wa pazia, kiganja juu.

Dk. Caroline akageukia faili, akijifanya anasoma, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mume na mke wakizungumza.

Ningeweza kuuacha ule mkono hewani. Hata leo najiuliza kwa nini sikuuacha. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa aishi hufanya mambo ya kijinga. Nikautoa mkono wangu chini ya shuka, nikauweka kwenye wake.

Akaufumbata. Kidole gumba chake kikapita juu ya vidole vyangu, kikafika kwenye kiganja, kwenye ngozi ngumu iliyoungua kwa masufuria ya miaka kumi na nne. Kikasimama.

Niliona viatu vyake chini ya pazia vikirudi nyuma nusu hatua, kisha vikasogea tena.

"Shemeji?" akasema.

Alisema kwa sauti ndogo sana, lakini wodi ilikuwa kimya.

Dk. Caroline akainua macho kutoka kwenye faili. Akanitazama mimi, akatazama ule utepe wa jina mkononi mwangu, akatazama pazia.

"Baba," akauliza, "umemwitaje mkeo?"

Abdulrazak, mtu ambaye hajui kusema uongo, alikuwa bado ameushika mkono wangu, na mimi nilikuwa nasubiri ajibu.